Mwisho Huelezwa Asubuhi

Sijui mtu anayependa filamu kumshinda mama yangu, na mama yangu hajawahi kuona mwisho wa hata moja. Msimcheke. Mwanamke anaamka alfajiri kwenda kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli nzima, anasimama kutwa kwenye mvuke mpaka vidole vinanyauka, jioni anarudi hoi bin taabani. Anaoga, anakula, anajitupa kwenye kochi na kututangazia kwamba leo halali ng'o. Watu wa kwenye filamu hawajamaliza kusalimiana, yeye keshaanza kukoroma. Kazini wanamwita Bi Pasi. Sisi nyumbani tunasema pasi ikizimwa, imezimwa.

Baba ni fundi makochi. Kazi zake alikuwa akizifanya uani, katikati ya sponji na springi, kwa hiyo ikifika jioni bado macho anayo. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua filamu, na aliitazama mpaka yale majina ya mwisho yanapita, utadhani anamtafuta ndugu yake humo. Asubuhi, mama akiwa anajifunga kitambaa kichwani na chai inachemka, swali lilikuwa ni lile lile: ikawaje? Baba anavuta kigoda, anakohoa kidogo, anaanza.

Sasa hapo ndipo penye neno. Baba alikuwa anadanganya, na si uongo wa kutia chumvi tu. Alikuwa anang'oa mwisho mzima na kuweka mwingine, kama anavyong'oa kitambaa kilichooza kwenye kochi la mtu.

Nitoe mfano. Kuna ile filamu ya kizee anayesafiri basi kwa basi kwenda kumwona mwanawe gerezani. Kila basi anamsimulia abiria wa pembeni habari za huyo mwana, na kila mara anamsimulia kivingine, leo mpole, kesho mtundu. Itafuteni muione. Karibu hakuna linalotokea, na bado chai yako itapoa mkononi. Mwisho kizee anafika, anaonyeshwa kaburi. Lakini mama yangu aliambiwa kwamba kijana alikuwa getini na begi lake, kaachiwa asubuhi ile ile, na cha kwanza alichouliza ni kama mama yake amekula njiani.

Ile ya ndugu wawili waliorithi punda mmoja, wamenuniana, kila mmoja anamlisha kwa siri hadi punda ananenepa na kushindwa kutoka mlangoni, hiyo baba hakuigusa. Alisema ni filamu pekee aliyoijua iliyotoka kiwandani bila kuhitaji fundi. Na kweli, mimi nikiwa nimechoka na dunia naiweka hiyo.

Lakini kipenzi chake kilikuwa ile ya fundi saa. Fundi saa anachukuliwa kwenda vitani, mkewe anabaki na duka, na kila asubuhi anazitia ufunguo saa zote za ukutani. Ninachoipendea ni kwamba hakuna anayelia ovyo. Watu wanafanya kazi tu. Miaka inapita na hakuna anayekutajia mwaka, unaiona kwenye mikono ya yule mke. Mwishoni anaingia askari kijana, anaweka saa ya mfukoni ya mume juu ya meza, anatoka. Mke anaitia ufunguo. Basi, imekwisha. Kwa baba, aliyeingia alikuwa mume mwenyewe, akakuta kila saa ukutani inasema lake, akaanza kugomba kabla hata hajavua kofia. Mama alicheka siku ile nusura achelewe kazini.

Mimi kitindamimba, niliyekuwa natazama pamoja na baba na kuujua ukweli wote, nilikuwa nakereka. Siku moja nikamwambia njia ya mwongo ni fupi, ipo siku mama atamaliza filamu mwenyewe na ataumbuka mtu. Hakuacha hata kugongelea misumari yake.

"Mama yako anatoka hapa anaenda kusimama kwenye mvuke kutwa nzima," akasema. "Unataka aende na maiti kichwani?"

Nikafunika kombe.

Kisha kiharusi kikamkuta uani, mkasi mkononi. Alipona, tunashukuru, lakini upande wa kulia ukafa na maneno yakampotea yote. Akitaka kitu anapigapiga mkono wa kochi kwa mkono wa kushoto, nasi tunabahatisha. Maji? Hapana. Mto? Hapana. Ukikosea mara nyingi anafumba macho, anakuacha na kubahatisha kwako. Mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha, mama anakwenda kwenye mashuka, maana bila hayo hatuli. Sitajifanya malaika. Nilichoka. Zilikuwepo siku niliingia chooni nikajifungia nikae tu, niukodolee macho ukuta.

Jioni televisheni iliendelea kuwaka, na mama aliendelea kulala. Kilichokatika ni asubuhi. Mama hakuuliza tena ikawaje. Hakuniuliza hata mimi, nami sikujitolea. Alikunywa chai yake amesimama, anamtazama baba, baba anamtazama, kisha anachukua mkoba wake. Watu walioshinda maisha yao yote wakipiga soga, sasa wamekaa kama wageni kwenye foleni ya hospitali. Iliniuma kuliko ule mkono uliokufa.

Ndipo mama akarudi jioni moja na habari kwamba ameomba ruhusa, kesho haendi kazini. Nikadhani anaumwa. Kumbe anataka kutazama filamu.

"Ile ya fundi saa," akasema. "Mchana, nikiwa nimelala nikashiba, niione yote na baba yenu hapo kando. Tangu anyamaze hatuna la kuongea. Angalau tuwe na hiyo."

Baba aliyasikia hayo, na mkono wake wa kushoto ukaanza kupiga kochi. Mama akamwona amefurahi. Mimi niliyajua macho yale, haikuwa furaha hata kidogo. Atamwona askari anaingia badala ya mume, nikawaza, na atageuka kumuuliza mwenzake kwa nini, na mwenzake hana hata neno moja la kujitetea. Maisha yote kamwambia uongo, na siku anaumbuliwa hawezi hata kusema samahani. Na mama naye, kitu pekee alichobaki nacho cha mume wake mwenye mdomo ni yale masimulizi. Yakienda hayo, kimekwenda kila kitu.

Basi nikahangaika. Kwanza nikasema diski imekwaruzika. Mama akaipangusa kwa kanga yake, ikacheza vizuri kabisa, karaha tupu. Nikapika chakula kizito cha kumlaza ng'ombe, nikamwongezea. Nikashusha mapazia eti mwanga unaumiza macho, nikamwekea mto shingoni. Nikaomba umeme ukatike, ule umeme unaokatika hata bila kuombwa. Siku hiyo ulikaa kama umelipwa mshahara. Na mama alikaa wima, macho makavu, hakupiga hata mwayo.

Mwisho ulipokaribia, duka limebaki tupu na mke anafuta meza, baba akaanza kujisogeza. Mkono wa kushoto ukatambaa juu ya mto kuelekea rimoti. Mama akaiona. Akaichukua taratibu, akaikalia, na macho hayakutoka kwenye kioo. Askari akaingia. Saa ikawekwa mezani. Mke akaitia ufunguo, na majina yakaanza kupanda.

Baba alikuwa ameufunika uso kwa mkono wake mzima. Nikafungua mdomo nitoe uongo wowote, kwamba hii ni nakala nyingine, sijui nini. Mama akaninyamazisha kwa kidole.

"Mimi nafua na wanawake chumba kizima, na kila mmoja ana televisheni kwake," akamwambia baba. "Ulidhani sikuambiwa? Yule wa gerezani aliyekufa nilielezwa wiki ile ile. Usingizi ulikuwa wa kweli, usije ukadhani nilikuwa naigiza. Lakini uongo wako niliujua. Nilikuwa naamka nimechoka hadi mifupa, nakaa kitandani najiuliza, huyu naye leo atamrudishaje mtu nyumbani. Ndicho kilichokuwa kinaniinua."

Akamtoa baba mkono usoni. Baba alikuwa analia na kucheka, nusu ya uso inacheka na nusu imetulia. Mimi nilijisikia mpumbavu na nimefurahi, vyote kwa pamoja.

"Haya, leo zamu yangu," mama akasema, akajiweka sawa. Akaanza. Akasema askari yule alikosea duka, saa haikuwa yenyewe. Kwamba jioni mume alirudi kwa miguu yake, viatu vina tope, mke akamwambia avue huko huko nje, sakafu nimeipiga deki sasa hivi. Baba akatikisika kwa kicheko. Mama akapata moto. Akasema mume akavua, akaingia, akavuta kiti, akakaa, akamtazama mkewe, akasema.

Hapo akakwama. Alirudia tena kuanzia pale mume alipofika kwenye kiti, akavuta, akakaa, akasema. Nikaona kidevu chake kinatetemeka, yeye ambaye hakutoa chozi hata tulipokuwa hospitalini.

"Akasema nini, baba watoto?" akauliza. "Mimi sijui alisema nini. Hapo siku zote ulikuwa unasema wewe."

Baba akafungua mdomo. Shingo ikakaza, jasho likamtoka kwenye paji la uso, ikaja pumzi bila sauti, kisha pumzi nyingine. Mama akamshika mkono ule uliokufa, akaulaza mapajani mwake. Tukamngoja. Hakuna aliyemharakisha.