Mafuta ya Usukani wa Faradji

Faradji wa Lusangi ni mtu wa kuhangaika hata siku ya neema, lakini wiki ile alikuwa na sababu. Trekta analoliendesha la chama cha wakulima, lile kuukuu lililoachwa na kampuni ya pamba kabla yeye hajaoa, lilikuwa limemtia hofu. Jumamosi iliyopita, kwenye mteremko wa mto, usukani ulikaza ghafla. Tela lilijaa magunia ya mpunga, na juu yake wanawake kumi na wawili, mkewe Asma akiwa mbele kabisa. Faradji aliuvuta usukani kwa mikono miwili mpaka magurudumu yakageuka, hatua moja tu kutoka korongoni. Wanawake waliendelea kuimba. Yeye hakumwambia mtu.

Alipofungua sanduku la gia za usukani aliona kosa lake mwenyewe. Sili ya chini, ule mpira unaozuia mafuta, imekwisha, mafuta ya gia yanavuja yote, kwa hiyo mwezi uliopita alishindilia grisi nzito akaona amemaliza kazi. Grisi ilikuwepo tele, imekaa pembeni. Meno ya gia yalikuwa makavu kabisa.

Sasa atie nini? Iliasi, muuza vipuri wa soko la Kasongo, alimcheka.

"Ongeza grese, papa. Motokari yote iko vile."

Jirani alimshauri mawese, maana huku kwetu mawese ni dawa ya kila kitu, kuanzia mnyororo wa baiskeli hadi mlango unaolia. Lakini mawese asubuhi ya baridi huganda chupani. Faradji alirudi nyumbani na kopo la grisi na chupa ya mafuta ya gia, akakaa mbele ya chakula akikitazama tu.

"Unaangalia sombe yangu sawa vile iko na sumu," Asma akamwambia.

Faradji alikuwa akichora mistari kwenye chakula kwa kijiko. Kwenye ugali, njia ya kijiko ilibaki wazi, kama ile grisi iliyokaa pembeni. Kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ilijifunga yenyewe, polepole. Akachora tena. Kisha akainuka, akaacha chakula, akaenda kuchanganya grisi na mafuta katika sufuria mbovu, akikoroga na kuchora mpaka njia ikajifunga vilevile, ndipo akaujaza mchanganyiko huo kwenye sanduku la gia.

Jumamosi, juu ya mteremko, alisimamisha trekta.

"Mushuke wote. Mutateremuka na miguu."

"Shofere anaogopa trakteri yake!" Wakacheka, wakashuka wakinung'unika. Aibu ilimchoma. Asma hakusogea.

"Shuka, mama Chimène." Akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao, akashusha sauti. "Ile Samedi direksio ilikaza. Nilikuwa karibu kuwaua."

"Ninajua. Miye ninaikala mbele, niliona mikono yako."

"Na haukusema?"

"Nilikuwa nangojea weye useme."

Akashuka.

Faradji aliteremka peke yake. Kushoto, usukani ukatii. Kwenye kona ya korongo akageuza kulia, akasubiri ukaze, nao ukazunguka bila kulalamika. Chini aliingia uvunguni kuangalia. Tone moja lilining'inia kwenye sili, halikuanguka.

Asma alifika wa kwanza. Hakuuliza habari za sanduku la gia. Alimshika mikono yote miwili.

"Siku ingine unaniambia kwanza," akasema, akapanda telani akakaa mahali pake, mbele.