Silvana na Kadi Isiyoonekana

Silvana ni fundi kompyuta mtaa wa Chanji. Mama yake, Bi Rozina, mkulima wa ulezi kule Kasense, hakuwahi kumwona kazini hadi asubuhi aliyopitia kibandani akitoka sokoni.

Hajakaa vizuri, akaingia mteja, kijana Urbano, na laptop yake ya gemu.

"Shikamoo mama. Dada Silvana, kadi ya picha, ile ya kuchorea gemu kwenye skrini, mashine haiioni kabisa, gemu zinakwamakwama. Fundi mmoja kasema imeungua."

"Tusiizike kabla ya kuipima," Silvana alijibu.

Akaweka upya programu inayoiendesha kadi, wapi! Akaingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, huko nako kadi haikutajwa. Akamtupia jicho mama, aliyekuwa anatazama. Akazima laptop, akaifungua, akachomoa betri, kisha akabonyeza kwa muda mrefu kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe. Akarudisha betri na kuwasha.

Jina la kadi likatokea. Urbano akafungua gemu, magari yakateleza kwenye skrini bila kukwama hata mara moja.

"Dada, wewe ni noma!"

Bi Rozina, ambaye siku zote aliwaambia majirani kuwa binti yake anauza vitu vya simu, alisimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Huyu ni mwanangu," alimwambia Urbano. "Nimemzaa mimi."

Silvana akainama haraka, akijifanya anatafuta skrubu, kumbe zote zilikuwa kiganjani mwake.