Ndege Ambaye Mama Hakumwona

Darasa la nne sikumaliza, lakini nyumba ya kwanza ya bati la rangi hapa Nyamigogo niliijenga mimi, na mashine mbili za kusaga ni zangu. Mkubwa yeyote akija kijijini, kwangu ndiko anakokalishwa. Kwa hiyo maofisa wawili wa serikali walipokuja kuchunguza kitu kilichoonekana angani, nilichinja jogoo.

Aliyekiona kwa karibu ni mama yangu. Alikuwa anapalilia maharage, mchana kweupe, kikasimama juu ya shamba bila sauti, kisha kikapotea. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Alieleza kwa Kisubi, mimi nikatafsiri.

"Muulize, kilifananaje?"

Mama akachora duara kwa mikono. Kilikuwa kama ungo, akasema, kinang'aa.

 Kwetu, bibi kizee akitaja ungo na anga kwa pamoja, watu wanamalizia wenyewe: mchawi huyo. Na mimi ni mtu wa jina. Nani angeleta mahindi kwa mtoto wa mchawi?

"Anasema ndege," nikawaambia. "Ndege mkubwa. Macho yake siku hizi mabovu."

Mwanamke aliyekuwa anatunga uzi kwenye sindano bila kusaidiwa! Wakaandika. Mama akaweka dole gumba. "Asante, wanangu."

Baadaye taarifa ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji: bibi asiyeona vizuri aliona ndege. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Bibi, alikuwa korongo au kuku?" jirani akamtania.

Mama akanigeukia. "Ndege nilimtaja mimi?"

"Waliandika vibaya, mama."

"Basi nipeleke mjini Biharamulo, ofisini kwao, waandike nilichosema. Sijazeeka ili niitwe mwongo."

Nina pikipiki tatu. Kila alipouliza nilimjibu kesho, mpaka akaacha kuuliza. Akaacha na kanisa, maana njiani watoto walimpungia mikono kama mabawa. Alifariki kabla ya maharage mengine kukomaa.

Tulipomaliza matanga nilivaa suti, nikaenda mjini. Nilimweleza ofisa ukweli wote, na ungo nikautaja. Alisikiliza kwa heshima, akafungua faili, akanionyesha alama ya dole gumba.

"Mzee, maelezo hubadilishwa na aliyeyatoa. Aje mwenyewe."

"Tumeshamzika."

Akasema pole, akafunga faili.