Mtu Anayesimama Nje ya Seng'enge

(Jina la binti huyu tunalo. Tumelificha kama alivyotuomba.)

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tano, niko darasa la nane, na kwetu ni Kamenu, Thika. Si mtu wa maneno mengi. Nikipata kitabu na kona ya kukaa, nimetosheka. Barua hii nimeichana mara tatu kabla ya kuituma.

Mwaka jana Mzungu mmoja mzee alifungua uwanja wa kujifunzia gofu huko Ruiru, upande wa Gitothua, mahali palipokuwa na kahawa. Alikuja shuleni kwetu akasema anataka watoto wa kila namna siku za Jumamosi: Waafrika, Wahindi, Wazungu, wavulana na wasichana, hata mwenzetu anayetembea kwa gongo. Fimbo, mipira na lori la kutuchukua, vyote vyake.

"Bure?" mama aliuliza. "Mzungu ameanza lini kutoa kitu bure?"

Mimi pia nilishuku. Siku ya kwanza Bwana, ndivyo tunavyomwita Mzungu huyo, alitoa daftari jeusi, akatuuliza mmoja mmoja jina, kwetu, na kazi ya baba. Wakati huo baba yangu alikuwa kizuizini kwa ajili ya mambo ya hali ya hatari. Niliitazama ile kalamu ikingoja. Nikasema, "Baba alikufa."

Bwana alivua kofia akanipa pole. Tangu hapo ananijali kuliko wengine. Alinikatia fimbo ya kimo changu kwa mkono wake. Lakini kila nikipiga mpira huandika kitu katika daftari lile, na akiniona natazama hulifunga. Anaandika nini?

Miezi miwili iliyopita baba aliachiliwa. Nililia kwa furaha. Nilimweleza habari za gofu, ila sikumweleza habari za daftari. Jumamosi iliyofuata alipanda baiskeli mpaka Ruiru akasimama nje ya seng'enge, na koti lake kuukuu, akitazama tu. Karatasi aliyoachiliwa nayo inasema asitoke Thika bila ruhusa. Nilimsihi asije tena.

"Maitu," aliniambia, yaani mama kwa Kikuyu, maana nimepewa jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, "nimekaa ndani ya seng'enge miaka minne nikitazama nje. Niache sasa nisimame nje nikutazame wewe ndani."



Siku moja mpira wangu ulienda upande ukavuka seng'enge. Baba aliuokota akautia mfukoni. Mipira ya pale imechorwa duara jekundu isipotee. Sasa uko dirishani kwetu, kando ya Biblia. Nikamwambia si wetu. Akasema, "Umeupiga wewe. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kupiga kitu kikaenda mbali hivyo."

Lakini wengine walimwona. Kiran, mvulana wa Kihindi anayepiga karibu nami, ana mzaha sana. Kila Jumamosi hutunong'oneza, "Ebu tazama, mwizi wa mipira amefika kazini! Leo amechelewa." Wenzangu hucheka. Hata mimi nimewahi kucheka, Mungu anisamehe.

Jumamosi ya mwisho Bwana aliniita kando.

"Unamjua mtu yule?"

"Hapana, Bwana."

"Haji kutazama gofu yule. Anatuchunguza. Kuna majirani wasiopenda watoto hawa wakae pamoja, labda wamemtuma. Nikimwona tena nitaita askari."

Kisha akanitazama usoni muda mrefu, akaandika katika daftari. Watu husema nina paji la uso la baba. Je, ameshajua, ananijaribu tu? Au ni mzee mwema niliyemdanganya? Silali vizuri nikiwaza.

Uwanja umefungwa wiki tano ili nyasi zishike na mvua hii. Ukifunguliwa, baba atakuja. Ameshaitia baiskeli upepo. Nikinyamaza, askari watasoma karatasi yake na kumrudisha alikotoka. Nikisema, Bwana atajua mimi ni mwongo, na jina la baba litaingia katika daftari nisilojua linasomwa na nani. Na nikimzuia baba asije, itabidi nimweleze kwa nini Bwana hajui yeye ni nani.

Wasomaji, ninyi ni wakubwa wangu, nielekezeni. Nianze na nani: nimwambie Bwana kwamba baba yangu yu hai, au nimwambie baba kwamba nilimzika?