Kazi ya Mgiriki

Juzi, kwenye kliniki ya mifupa hapa Sulimaniyah, Riyadh, aliingia Mgiriki mmoja akichechemea. Sote tulimjua: kiungo hodari wa soka zamani, kisha kocha, na jana yake klabu yetu ilikuwa imemfukuza baada ya kufungwa mechi kule Jeddah.

Dada wa mapokezi, Mkenya, alikuwa akimjazia fomu. "Kazi yako?"

Mgiriki alisugua goti, akasita. "Andika mchezaji."

"Lakini si uliacha kucheza zamani?"

"Mimi niliacha. Goti ndilo bado linacheza."

Dada hakucheka. Aliandika "kocha", akamgeuzia fomu aione. "Timu nyingine itakuja, inshallah."

Yule bwana aliinamisha kichwa. Nami, niliyekuwa nikipiga kelele uwanjani afukuzwe, niliinuka nikampisha kiti.