Kipimo cha Baruti ya Baba

Nikikumbuka miaka ya vita, harufu inayonijia kwanza ni ya baruti na nta ya mshumaa, juu ya meza ile ile tuliyolia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Treni ilikuwa imeacha kufika mjini kwetu Kindu, mitumbwi ilivuka mto Lualaba kwa woga, na nyama tulikuwa tumeisahau ladha yake. Baba, fundi wa reli aliyebaki bila kazi, alikuwa na bunduki ya kuwindia aliyoachiwa na marehemu kaka yake, pamoja na mfuko wa maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Risasi mpya hazikupatikana popote. Akaamua kuyajaza maganda yale mwenyewe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya hata siku moja.

Fataki za kuwashia baruti na marisawa, zile goroli ndogo za risasi, alivipata kwa kuhangaika. Baruti aliinunua sokoni, ndani ya kopo la maziwa lililobanduliwa karatasi yake. Kilichomshinda ni kipimo. Jirani yetu Amisi, aliyenunua baruti kwa muuzaji yule yule, alimwonyesha kifuniko cha chupa kilichojaa. Askari mmoja mstaafu alisema nusu yake inatosha. Mwindaji kutoka Kibombo aliwacheka wote wawili, akataja kiasi chake. Kila mmoja aliapa. Baba akashika kipimo cha katikati, akajaza risasi nne, akaziziba kwa nta ya mshumaa, akasema alfajiri anaingia msituni.

Alfajiri ilipofika, mama alikuwa amekaa mlangoni.

“Baba Salima, watu watatu, vipimo vitatu. Unataka nibakie na watoto watano na bunduki iliyopasuka?”

“Watoto wanakula sombe tupu kila siku!”

“Wakule sombe, lakini wakuwe na baba.”

Baba alifoka, lakini hakumruka. Kulipopambazuka vizuri, mama akamshauri wamwone Mama Zaina, mjane aliyekimbia vita kutoka Obokote. Zamani mume wake alikuwa mwindaji, na yeye ndiye aliyemjazia risasi. Tukaenda sote watatu, mimi nimebeba kopo la baruti. Tulimkuta akitwanga sombe, akafuta mikono na kusikiliza mpaka mwisho.

“Kipimo ninakijua,” alisema, “lakini kile njo cha baruti yetu ya kule. Hii iko ya wapi?”

“Ya sokoni, mama.”

“Nani aliileta?”

Baba hakujua. Mama Zaina akamimina chembe chache kiganjani, akazitazama, akazirudisha koponi.

“Baba, kila baruti iko na nguvu yake. Hii miye siijui. Nikikupa kipimo, nitakuwa nimekuua.”

Nilidhani baba angekasirika. Badala yake mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Njiani alisema polepole, bila kumtazama mama, “Hata mimi nilikuwa ninaogopa.” Mama alisogea wakatembea bega kwa bega. Siku ile baba alizifungua risasi zote nne, akaimwaga baruti yote mtoni. Jioni tulikula sombe tena, na mama alikuwa akiimba.

Haukupita muda mrefu, bunduki ya Amisi ikampasukia msituni. Alipona, lakini mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole viwili. Baba alipotoka kumjulia hali alikaa uani, akatuita watoto mmoja mmoja bila sababu yoyote, ili tu tumkaribie.

Siku hizi mwanangu mkubwa anamiliki bunduki kwa kibali, na simu yake imejaa majedwali ya vipimo yaliyoandikwa na watu asiowajua. Sisi tulipata majibu matatu tukahangaika. Yeye anapata mia moja kabla chai haijapoa, na sijamwona hata mmoja humo anayekiri kwamba hajui. Afadhali yeye ni mwoga kama babu yake, hununua risasi zilizokwisha kujazwa. Baba sasa amezeeka. Mchana hukaa barazani akimmenyea kitukuu wake karanga, na mimi huitazama mikono ile, vidole vyote kumi, nikashusha pumzi.