Mtupaji wa Kona ya Kushoto

Nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na karatasi kumi na mbili, moja kwa kila mchezaji. Msaidizi wa kocha alizibandika upya kila mwezi. Kushoto aliandika nguvu, kulia udhaifu, na hakuwa mtu wa kupaka maneno mafuta. Karatasi ya Rula ilikuwa haijabadilika kwa miaka minne. Nguvu: akipata mpira akiwa huru nje ya mstari wa pointi tatu, kati ya kumi anatia nne na ushee, anajua pa kusimama, hagombani na refa. Udhaifu: miguu mizito, akikaba, vijana wanampita kama mlango ulioachwa wazi, hajui kuuendesha mpira mwenyewe. Chini kabisa palikuwa na neno moja lililopigiwa mstari mara mbili: Anasubiri.

Rula alikuwa na miaka thelathini na minne. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu mpira wake ulikwenda umenyooka, haukugusa pete wala ubao, ulichapa nyavu tu. Walisema mpira ukimkuta kona ya kushoto, mwandika matokeo anaweza kuandika tatu kwanza halafu ndiyo aangalie. Mashabiki wa wapinzani nao walikuwa na lao. Walimwita mlinzi wa geti, kwa vile alisimama mahali pamoja mikono ikiwa tayari, na alipopitwa na kijana wa miaka ishirini walimuuliza kwa sauti kama siku hizi wageni wanaingia bila kujiandikisha. Hiyo hata yeye ilimchekesha.

Jambo ambalo karatasi haikulijua ni uwanja aliojifunzia.

Nyuma ya nyumba ya wazazi wake, kati ya ukuta wa jirani na tangi la maji, palikuwa na kipande cha ardhi ya mchanga. Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, alikunja nondo ikawa pete, akaichomelea juu ya nguzo. Kipimo alikikisia kwa jicho, na jicho likamdanganya: pete ilitoka nyembamba kwa vidole vitatu. Alipoambiwa, akasema ukiweza kupitisha hapa utapitisha popote, yote hayo ili asipande ngazi mara ya pili. Tangi lilikuwa limekula upande wa kulia wote, kwa hiyo mtupaji alibaki na kona ya kushoto. Na mchanga hauelewani na mpira wa kikapu. Ukiudunda unazama papo hapo, unatulia kimya kama yai. Watoto wawili wa nyumba ile walijifunza kupasi na kutupa, basi.

Aliyegawa kazi alikuwa dada yake, aliyemzidi miaka minne. Yeye angepasi, mdogo wake angetupa, na hapakuwa na kubadilishana. Dada alisimama karibu na tangi, mpira kifuani, na nukta moja kabla haujamtoka mikononi alisema kwa sauti ya chini, "Haya." Hakusema kwa kelele, wala hakuwahi kulisema baada ya mpira kutoka. Mtoto akisikia hilo neno, mikono yake ilijua mpira unafika lini na unafika wapi, akageuza uso kule sauti ilikotoka na kuukuta umeshafika.

Kwa kweli, kati ya wawili wale, mchezaji alikuwa dada. Shuleni kwao kulikuwa na uwanja wa saruji, na huko alikuwa akidunda, akipiga chenga na kutupa, watu wakiacha masomo ya ziada kuja kumtazama. Alipofika miaka kumi na tisa timu moja ya jiji ilimwandikia barua. Baba alikuwa ameshafariki. Wiki ileile mama akaanguka kwa kiharusi, akalala upande mmoja, na ikahitajika mtu wa kumgeuza asubuhi, mchana na jioni. Hakuna aliyemwambia abaki. Alipata kazi kwenye karakana ya sare za shule, hatua mia mbili kutoka nyumbani, kazi ya kukata vitambaa. Alipanga tabaka tano mezani, akachora kwa chaki, akapitisha mkasi mkubwa, na saa sita alikimbia nyumbani kumgeuza mama. Jioni, mama akisinzia, alitoka nje nusu saa na kumpasia mdogo wake. Yeye mwenyewe hakutupa tena hata mpira mmoja.

Miaka mitatu baadaye barua ilikuja tena pale nyumbani, safari hii kwa jina la kijana. Dada ndiye aliyempangia nguo begini.

Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka kumi na sita. Katika miaka hiyo Rula alipasiwa na wanaume arobaini hivi, wengine mafundi hasa, na aliwashukuru wote kwa kunyoosha kidole kama desturi ya mchezo ilivyo. Lakini mipira yao ilifika kimya. Ilifika ya moto, au imechelewa kidogo, au kwenye goti, na yeye alizoea, kama mtu anavyozoea kitanda cha ugenini bila kukipenda. Kila msimu alimwalika dada yake angalau mara moja. Jibu lilikuwa mama, na mama alikuwa jibu lisilo na ubishi. Mama alipofariki, mwaka uliotangulia, jibu likawa sare. Kwenye simu dada aliuliza kama anakula, kama watoto hawajambo, na kama siku hizi anakaba au bado anawafungulia watu mlango. Kuhusu kutupa hakuuliza kamwe. Kabla ya kila mechi Rula alipitisha macho safu ya mbele ya majukwaa, akijua hayupo.

Msimu ulipokaribia kwisha, kocha alimwita pembeni na kumweleza bila kuzunguka kwamba orodha ya mwaka ujao itatoka baada ya mechi ya Jumamosi, na kwamba kuna mafowadi wawili vijana wanaotaka nafasi yake, na wote wanajua kujitafutia mpira. Rula aliitikia kwa kichwa. Jambo la kwanza alilofikiria halikuwa mshahara wala jina. Alitoka nje, akasimama penye kivuli cha ukuta, akampigia dada yake.

"Dada, Jumamosi njoo."

"Shule zinafungua, mdogo wangu. Nina mashati mia tatu hapa hayana mikono."

"Huenda ikawa ya mwisho."

Upande wa pili mkasi ulinyamaza.

"Ya mwisho kwa nani?"

"Kwangu."

Alisikia chaki ikiwekwa mezani. "Inaanza saa ngapi?" dada akauliza.

Ilianza saa tisa alasiri. Dada aliingia na mkoba wa safari begani na vile viatu vyake vya kusimamia kutwa nzima, akaketi safu ya mbele, kona ya kushoto, kwenye kiti ambacho Rula alimwomba mhudumu wa ukumbi amwekee, siku mbili kabla. Hapakuwa na hata hatua nne kutoka mstari wa uwanja.

Rula alicheza kama mtu aliyerudishiwa miguu. Alitia tatu moja, ya pili, ya tatu. Kijana aliyekuwa akimkaba alianza kumlalamikia refa kwa kukosa la kufanya. Kila mpira ulipoingia Rula alitupa jicho kwenye kile kiti. Dada hakupiga makofi. Alikuwa amebana mikono katikati ya magoti, kama mtu anayezuia kitu kisimtoroke.

Zikiwa zimebaki sekunde nane timu yao ilikuwa nyuma kwa pointi mbili. Kocha akaomba mapumziko na kuchora ubaoni mchoro ambao kila mtu aliujua: mgawaji wa mipira apenye katikati, awavute walinzi, amtupie Rula kona ya kushoto. Mwite mlinzi wa geti ukitaka, alisema, geti leo ndilo hilo.

Mgawaji alipenya, walinzi wawili wakamfuata, akaruka. Rula alikuwa mahali pake, huru kabisa, mikono mbele. Na nukta moja kabla mpira haujatoka kwenye mikono ya mgawaji, nyuma yake, hatua nne, sauti ya chini ilisema:

"Haya."

Halikukosea hata kwa nusu ya nusu ya nukta. Dada alikuwa ameiona pasi kabla haijazaliwa, na neno lilimtoka kwa wakati wake hasa. Lakini kwa Rula neno hilo siku zote lilitoka kule mpira ulikotoka. Kichwa kikageuka, na mikono ikafuata kichwa. Akamwona dada yake, macho kwa macho. Mpira ukamgusa bega na kuangukia miguuni mwa watazamaji. King'ora kikalia.

Mgawaji alikuja ameshika kiuno. "Kaka," alimuuliza taratibu, "ulikuwa unamsalimia nani?" Mlangoni dada alikuwa bado ameziba mdomo kwa kiganja. Nyumbani mke wa Rula aliwaandalia chakula, akazitazama nyuso zote mbili, akaamua kuzungumzia mvua.

Asubuhi iliyofuata, kabla hajamaliza chai, Rula alipata ujumbe wa kocha. Ulikuwa wa heshima, na mrefu kuliko kawaida yake. Aliusoma mara moja, akachukua mfuko wa mipira kama alivyofanya kila asubuhi, na dada, ambaye gari lake lilikuwa la saa sita, akasema atamsindikiza ukumbini. Mlinzi wa ukumbi aliwafungulia, akawasha taa za upande mmoja.

"Wamekutoa," dada alisema. Hakuwa anauliza.

"Wamenitoa."

"Ni mdomo wangu. Umecheza miaka yote hiyo bila mimi, nimekuja siku moja nikakuharibia."

Rula alifungua kamba ya mfuko polepole. Alikuwa na maneno mengi ya kumfariji, ameyapanga tangu alfajiri: kwamba miguu ilishamchoka, kwamba orodha ilikuwa imeshaandikwa. Mengine yalikuwa ya kweli. Yaliyotoka ni mengine kabisa.

"Dada, nilikuwa nalisubiri hilo neno miaka kumi na sita. Ningelisikia hata mazoezini ningegeuka."

Rula akampa mpira, akaenda zake kona ya kushoto, akainua mikono. "Nirushie," alisema. "Mmoja tu, kisha nikupeleke stendi."

Dada aliushika mpira kifuani, mahali pake pa zamani. Aliugeuza vidoleni akipapasa mishono yake, vile alivyopapasa pindo la kitambaa kabla ya kukata. Kisha akaudunda. Sakafu ya mbao ikaurudisha mkononi mwake. Akaudunda tena, akahamishia mkono wa kushoto, na Rula aliyekuwa amekaza macho akingojea midomo yake ifunguke aliona kwamba dada hamtazami. Alikuwa akitazama pete. Aliitazama kama watu wanavyotazama nyumba waliyowahi kupanga, ambayo sasa ina mapazia ya wengine. Rula alishusha mikono. Siku zote alidhani yeye ndiye aliyekosa kitu, na dada ndiye aliyekosekana. Haikuwahi kumpitia akilini kumuuliza, katika nusu saa zile zote za jioni, ilikuwaje kusimama kando ya tangi na kuuachia mpira uende kwa mwingine.

"Leo sirushi kwa mtu," dada alisema.

Alipiga hatua mbili, akakunja magoti, akatupa. Mkono ulikuwa mzuri bado, lakini nguvu haikutosha. Mpira uligonga ukingo wa pete, ukaruka, ukabingirika hadi chini ya majukwaa. Rula alikuwa ameshaanza kuufuata.

"Usiokote," dada alimwambia. "Acha niufuate mwenyewe."

Aliufuata kwa viatu vile vya kazini, akapiga magoti, akauvuta kutoka chini ya viti, akarudi nao akiudunda. Wa pili aliukosa. Wa tatu ulizunguka pete ukatoka. Alivua viatu. Rula alikaa chini, mgongo ukutani, akawa anahesabu moyoni, na gari la saa sita likaondoka likiwa na kiti kimoja kitupu.